Tusimvike Mwene Taji

Lipo kosa moja ambalo hutendwa na karibu kila mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza kutunga hadithi ya watawala wa kale. Nami nimelitenda. Ni afadhali niungame mapema, ili msomaji asidhani kwamba nimepanda kilimani kuwahukumu walio bondeni.

Miaka michache iliyopita nilianza kuandika riwaya ya mwene mmoja wa Unyamwanga, mtu wa kubuni, aliyetawala katika miaka ya misafara ya pembe za ndovu, kabla Wadachi na Waingereza hawajaigawana nchi yetu. Sikufika ukurasa wa kumi ila mwene wangu alikwisha kuwa na kiti cha enzi cha dhahabu, taji lenye vito, zulia jekundu kutoka mlangoni hata miguuni pake, wapiga tarumbeta sita, na malkia wa hariri aliyepungiwa upepo na vijakazi. Nilifurahi sana. Nilidhani nimempa heshima yake. Jumapili moja nikauchukua mswada hata Mpemba, nikamsomea baba yangu mdogo, mzee mpenda masimulizi lakini mchache wa maneno. Alisikiliza kurasa tatu, kisha akainua mkono.

"Mwanangu," alisema, "huyo mwene wako, ni nani aliyemlimia ulezi?"

Sikuwa na jibu. Katika kurasa zile kumi hapakuwa na shamba, wala jembe, wala mtu mwenye tope miguuni. Mzee akangoja kidogo, akauliza tena: "Na hao wasichana wanaompungia mkewe upepo, walizaliwa pale au waliletwa?"

Nikafunga daftari. Swali la kwanza lilinionyesha kwamba sikuwa nimejifunza. Swali la pili lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa jibu lake nilikuwa nalijua tangu utotoni, kama watu wengi wa pande hizi wanavyolijua, na nililiacha nje ya hadithi kwa makusudi.

Tangu siku hiyo nimesoma miswada ya vijana kadhaa walionijia kwa ushauri, nami nimekuta taji lile lile, zulia lile lile, na ukimya ule ule. Kwa hiyo nataka kusema bila kuzunguka kwamba hadithi ya kihistoria ya watawala wetu haina ruhusa ya kuwa wimbo wa sifa. Mwandishi anayeanza asimtafutie mwene fahari ya kuazima. Amwonyeshe kama alivyokuwa: mtu aliyekula jasho la watu wake, aliyewalinda baadhi yao na kuwauza wengine, na aliyejadiliana na wenye bunduki kwa woga na kwa akili. Asiyekuwa tayari kumwandika hivyo na atafute somo jingine.

Mahali pafaapo kuanzishia ugomvi huu ni Tunduma. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba ambao, pamoja na mambo mengine mengi, ulipitisha mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 wakaja wapimaji wa serikali zote mbili kuuweka mstari ule juu ya ardhi. Wanyamwanga, ambao hawakuwa wameulizwa neno, wakajikuta ni raia wa dola mbili. Cheo cha Mukoma kikawa upande wetu, cha Waitwika kikawa upande wa pili. Leo Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja wenye bendera mbili. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni barabarani, lakini mwanamke mwenye kikapu huvuka kununua chumvi na kurudi kabla uji haujapoa.

Sasa tazama lililotokea baadaye. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu. Zambia ilipopata uhuru wake mwaka 1964 haikufanya hivyo, na hata leo katiba yake inawatambua machifu, nao wana baraza lao la taifa. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiishi Nakonde na mwingine Tunduma, wana hali mbili tofauti. Wa kule ana mtawala wa jadi anayetambuliwa na sheria, wa huku ana kumbukumbu ya ukoo. Kwa mwanasheria hili ni jambo dogo. Kwa mtunzi wa hadithi ni kubwa, maana kila upande unamvuta kwenye uongo wake. Kule atapamba kwa kuwa aliye kitini yupo na ana masikio. Huku atapamba kwa kuwa kiti hakipo, na kitu kilichoondolewa hupendeza kwa mbali kuliko kilivyokuwa kikikaliwa. Mimi ni mtu wa huku, na taji langu la vito lilitokana na upweke huo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Unyamwanga peke yake. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kumega sehemu ya magharibi ya Mkoa wa Mbeya, na ndani yake wamo Wanyiha wa Mbozi, Wandali na Walambya wa Ileje, Wawungu wa bonde la Rukwa na Wawanda wa Kamsamba. Kila watu hao walikuwa na utaratibu wao wa kutawaliwa, na hakuna hata mmoja uliofanana na jumba la Windsor. Wanyiha hawakuwa na mfalme mmoja kabisa. Walikuwa na watawala kadhaa, kila mmoja na nchi yake ndogo, mara wakipatana, mara wakipigana. Kijana aliyeniletea riwaya yenye jina la mfalme wa Wanyiha wote alikuwa amekosea kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Nilimwambia hivyo, akanuna, akaniuliza kama nataka watu wake waonekane hawakuwa na kitu. Nikamjibu kwamba watawala wengi wadogo, kila mmoja akimchungulia jirani yake juu ya uzio wa magogo, ni hadithi nono kuliko mfalme mmoja aliyekaa peke yake akisifiwa. Sijui kama alinielewa. Riwaya hajaileta tena.

(Nitie neno dogo hapa juu ya kimondo. Kule Mbozi liko jiwe la chuma la uzito wa tani nyingi, lililoanguka kutoka mbinguni, ambalo wageni walilifahamu mwaka 1930. Nimekwisha soma miswada mitatu ambamo jiwe hilo linaanguka usiku wa kuzaliwa mtoto wa mwene. Jiwe lilianguka zamani sana hata masimulizi ya kuanguka kwake hayakubaki kwa wenyeji. Nawaomba waandishi wenzangu waliache lipumzike.)

Wako wasemao kwamba mjadala wote huu ni bure, kwa kuwa machifu walikuwa vibaraka, nasi tuliwaondoa kwa sababu nzuri, na kuwaandika ni kuamsha ukabila. Hoja hii siidharau. Ni kweli kwamba tangu Gavana Donald Cameron aanzishe utawala wake wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, machifu wengi walikuwa wakusanyaji wa kodi wa serikali ya kigeni, na baadhi yao walitengenezwa na serikali hiyo mahali ambapo hapakuwa na mtawala wa namna hiyo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu, Burito wa Wazanaki, naye alijua alichokifuta. Lakini sheria ile ilifuta madaraka, haikukataza kukumbuka. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Uhehe, alikalia kiti cha Spika wa Bunge la nchi iliyofuta uchifu, na hakuna aliyeona ajabu. Na tena, waandishi makini wakinyamaza juu ya watawala, hawanyamazi wapambe. Uwanja tuliouacha wazi umelimwa na wengine, na mazao yake ndiyo mataji ninayoyalalamikia.

Nimemtaja Mkwawa, nami sina budi kukaa naye kidogo, kwa kuwa ndiye mtawala wa bara ambaye fasihi yetu ya Kiswahili imemheshimu kuliko wengine. Mugyabuso Mulokozi alimtungia tamthilia, Mukwava wa Uhehe, mwaka 1979, na baadaye riwaya za vijana, mojawapo ikiwa Ngome ya Mianzi. Kazi hizo nazipenda, na nimezisoma darasani mara nyingi. Mkwawa alipigana na Wajerumani kwa miaka, akajiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikachukuliwa, na fuvu likarudishwa Uhehe mwaka 1954. Maisha ya namna hiyo yanamjia mwandishi yakiwa tayari yamekwisha kutungwa. Lakini mfano huo umetuzoesha vibaya. Tumejifunza kwamba mtawala anayestahili kitabu ni yule aliyekufa akipigana, na mwandishi wa Mbozi au Momba anapotazama historia ya kwao asione kifo cha namna hiyo, huamua kumbunia shujaa wake vita ambavyo havikupiganwa.

Mimi nasema kwamba watawala wa pande hizi wana hadithi kwa sababu hawakufa vile. Mtazame mwene wa mwaka 1885 hivi. Kusini na magharibi wako Wabemba, ambao huvamia na kuchukua watu na ng'ombe. Mashariki yuko Merere wa Usangu na mashambulio yake. Kule Karonga, kando ya Ziwa Nyasa, yuko Mlozi na wafanyabiashara wenziwe, ambao wana nguo, baruti na bunduki, na wanataka pembe na watu. Baadaye wanatokea wamisionari, Waskoti kule Mwenzo na Wamoravian kule Mbozi, ambao hawataki pembe lakini wanataka watoto wa mwene waende shule, na wanawapokea watoro wake. Kisha Mlozi ananyongwa na Waingereza, Desemba 1895, na mwene anasikia habari hiyo na lazima aielewe upesi kuliko jirani yake. Kisha zinakuja serikali mbili na nguzo za mpaka. Kila msimu alitakiwa kukata shauri: nani apewe binti, nani apewe pembe, nani afunguliwe lango na nani afungiwe. Akikosea, kijiji kinachomwa. Mtu huyo hakuwa na nafasi ya kukaa juu ya dhahabu. Na mtunzi anayeona kwamba hesabu hiyo si ya kishujaa vya kutosha hana haja ya historia. Anahitaji ngano, na ngano ni kitu chema, lakini asiiite historia.

Nafika sasa penye kidonda. Katika hesabu ile ya mwene watu walikuwamo kama fedha. Si watu wa mbali tu. Mtu aliyeshindwa kesi, mtoto wa mdaiwa, mjane asiye na ndugu, mtoro aliyeomba hifadhi, wote hao waliweza kugeuka malipo. Hili si jambo la kukisia. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian, aliandika masimulizi ya wanawake waliopitia hayo katika nchi iliyo kati ya maziwa haya mawili, na mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya na kuyaeleza upya katika kitabu alichokitoa mwaka 1993. Mmoja wa wanawake hao ni Narwimba. Mumewe alipokufa alimwomba yeye mwenyewe mpwa wa marehemu, aliyekuwa na madaraka, amwoe ili apate kinga. Mwingine ni Chisi, aliyetekwa akiwa mtoto na kupita mikononi mwa watu wengi. Ukisoma habari zao unaona jumba la mtawala kutoka upande ambao wapambe hawausimami. Kwa mwanamke asiye na ukoo, kuwa mke wa mwene kulikuwa kama kuingia chini ya paa wakati wa mvua. Alijua kwamba paa ni la mwingine na kwamba mwenye nyumba anaweza kumtoa.

Msomaji atasema pengine kwamba nawasikiliza waathiriwa na wamisionari tu, na kwamba watawala nao wana upande wao. Naam, wanao, na mara chache tumebahatika kuusikia kwa kinywa chao. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, ambaye alipoolewa na Mjerumani aliitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ni kitabu kizuri sana. Kinaeleza vyumba, vyakula, mavazi, wivu wa ndugu na njama zao kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi za enzi hawezi kukikosa. Na katika kitabu hicho hicho mwandishi anautetea utumwa. Si kwa ukatili. Anautetea kama mtu anayeeleza mambo ya nyumbani kwa mgeni asiyeyaelewa. Hapo ndipo panapotisha, na hapo ndipo panapofundisha. Mwene wa riwaya yangu hakuwa mtu mbaya aliyejijua kuwa mbaya. Alimtoa msichana kwa mizigo miwili ya nguo na gobori moja, akalala usingizi, na asubuhi akaamua kesi ya mbuzi kwa haki kabisa. Kama siwezi kuyaandika yote mawili, lile la usiku na lile la asubuhi, nimeandika nini?

Nilipokwisha kuubadili mswada nikausoma mbele ya kikundi kimoja cha wapenzi wa vitabu, ambacho sitakitaja. Nilifika kwenye sura ya msichana yule. Bwana mmoja wa ukoo wa utawala, mtu mwenye elimu na wa makamo, akasimama kabla sijamaliza. Alisema kwamba nimewavua nguo wazee wake mbele ya watoto, kwamba Wazungu walitutukana vya kutosha, na kwamba kazi ya mwandishi wa Kiafrika ni kujenga. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akashauri kwa upole kwamba sura ile iondolewe, au yule mnunuzi afanywe kuwa mwizi aliyemwiba msichana bila mwene kujua. Nilijibu vibaya siku ile, kwa hasira, na baadhi ya maneno niliyotumia nayajutia. Lakini shauri lenyewe nalikataa mpaka leo.

Nalikataa kwanza kwa sababu lingemfanya mwene kuwa mjinga. Mtawala wa kijiji chenye uzio wa magogo na lango moja, ambaye hajui kwamba msichana ametoka na msafara, si mtawala. Wapambe hawaoni kwamba kwa kumsafisha mtu wao wanamnyang'anya akili. Nalikataa pili kwa sababu ya jambo lililotokea mlangoni. Watu walipokuwa wakitawanyika, mama mmoja mtu mzima, ambaye hakuwa amesema neno muda wote, alinishika mkono akanivuta pembeni. "Bibi wa bibi yangu," alisema, "hakuwa na ukoo hapa. Aliletwa. Sisi tunaitwa watoto wa nyumba ya mwene, na kwenye misiba tunakaa na wenyewe, lakini kuna maneno husemwa tukitoka." Kisha akaniuliza kama yule msichana wa hadithi atapata jina, kwa sababu bibi wa bibi yake jina lake halikumbukwi, linakumbukwa lile alilopewa tu.

Bwana yule alizungumza juu ya kuwavua nguo wazee wake. Mama huyu pia ana wazee. Wote wawili ni wa mji mmoja, na hukutana sokoni. Mwandishi akiiondoa sura ile hawi amekaa katikati. Amekwisha kuchagua ni wazee wa nani watakaositiriwa.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Sioni kwa nini tuandike mfalme na malkia na mwana wa mfalme mahali ambapo pana neno la wenyewe. Buganda wana kabaka, Wanyamwezi wana mtemi, Wachaga wana mangi, na sisi tuna mwene. Neno hilo si geni kwa Kiswahili. Ni ndugu wa mwenye na wa mwinyi, na Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu wake kabla na hata baada ya kuja kwa masultani. Ukiandika mfalme, msomaji anaona taji hata kama hukulitaja. Ukiandika mwene, atakuuliza ni mtu wa namna gani, na wewe utalazimika kumweleza.

Swali la mwisho wanaloniuliza vijana ni hili: kama nikatazwe kubuni taji na vita, nitabuni nini? Utabuni mengi. Thomas Mofolo wa Lesotho, aliyemwandika Chaka kwa Kisotho, alibuni watu wazima kabisa: mganga Isanusi, ambaye ndiye anayeibeba hadithi nzima, alitoka kichwani mwake. Lakini Mofolo alisafiri hata Natal kuitazama nchi na kuwasikiliza watu kabla hajaandika. Kitabu chake kilikaa miaka mingi kikizuiliwa na wachapishaji wa misheni mpaka kikatolewa mwaka 1925, nao hawakukizuia kwa kuwa kilikuwa cha uongo. Shaaban Robert naye alipotaka kusema juu ya enzi na dhuluma chini ya serikali ya kikoloni, aliiweka nchi yake ya Kusadikika hewani, na mwaka 1951 hapakuwa na hila bora kuliko hiyo. Sisi hatuna mkoloni wa kumkwepa. Tukiiweka nchi yetu hewani leo, tunawakwepa majirani.

Buni, basi, mtu, moyo wake, maneno aliyomwambia mkewe usiku. Usibuni dhidi ya kile kinachojulikana. Kinachojulikana kimeandikwa na Wajerumani, na wamisionari, na maofisa wa Kiingereza, na wataalamu kama Beverley Brock aliyewaandika Wanyiha katika miaka ya 1960; kingine kimo vinywani mwa wazee, ambao husahihishana wenyewe ukiwakutanisha. Jifunze jinsi wafua chuma wa Unyiha walivyojenga tanuri lao la udongo, ilungu, refu kuliko mtu, na mkaa wa miti gani ulitakiwa. Jifunze ni mwezi gani ulezi huvunwa, maana msafara hauji kununua chakula mahali ambapo ghala ni tupu. Jua tofauti ya kaniki na merikani. Mtu akiniambia kwamba haya ni mambo madogo yasiyohusu enzi, namjibu kwamba mwene aliyajua yote, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa enzi yake: ulezi wa nani umeingia ghalani, majembe mangapi yametoka tanurini, nguo ngapi zimebaki, na nani hajalipa.

Riwaya yangu haijakwisha. Taji limetoka, na zulia, na tarumbeta. Mwene sasa anakaa kwenye kigoda, na goti lake humuuma wakati wa baridi ya Juni. Msichana amepata jina, nalo sikulibuni mimi. Alilichagua yule mama wa mlangoni, baada ya kufikiri kwa wiki mbili. Bwana wa ukoo wa utawala nimemwandikia barua ya kuomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile, nikamwekea na nakala ya sura yenyewe, bila kubadili kitu. Hajajibu. Baba mdogo amekwisha kusikia kurasa 40. Hajasema kama ni nzuri. Amesema tu kwamba lango la kijiji nimelielekeza upande unaotoka upepo, na kwamba mtu yeyote aliyewahi kulala ndani ya uzio wa magogo karibu na moto asingefanya hivyo, kwa hiyo wiki hii nalihamisha.